Kiwanda Kikifa, Nani Anabaki Kwenye Picha?

Kwenye sebule ya susu wangu, kule Kathiani, kuna picha moja ya zamani ambayo hakuna mtoto anayeruhusiwa kuigusa. Ni nyeusi na nyeupe, na pembe yake moja imeliwa na unyevu. Wanaume kumi na mmoja wamesimama mbele ya kiwanda cha kahawa, suti zimewabana, kofia ziko mikononi. Ni siku ya kufungua kiwanda. Wote wanaitazama kamera kama watu ambao tayari wameomoka.

Nilipokuwa mdogo nilimuuliza susu yeye yuko wapi hapo. Alicheka, kisha akaweka kidole kwenye ukuta, nje kabisa ya fremu.

“Nilikuwa huku,” akaniambia. “Tulikuwa na magunia mgongoni. Mpiga picha alituambia tusogee kando.”

Kiwanda chenyewe sasa kimelala. Matangi ya kuoshea kahawa yameota nyasi, mashine ya kumenya imeshika kutu, na meza za kuanikia zimebaki miguu tu. Jumapili jioni utawapata vijana wa mtaa pale wakirekodi video za TikTok, kwa sababu mabati yaliyotoboka yanaingiza mwanga mkali sana. Mandhari ni fiti, bana. Lakini ukiwauliza nani alibeba mawe ya zile kuta, hakuna anayejua. Hata mimi sikujua.

Sikuwa nimelifikiria jambo hili kwa kina hadi siku moja nikiwa kwenye matatu kutoka Machakos kurudi nyumbani. Nilikuwa napekua simu tu, mambo ya kupitisha muda, nikakutana na picha iliyonifanya nitoe vifaa vya muziki masikioni. Ilionyesha kiwanda kilichokufa, chenye rangi ya kutu na anga la buluu. Katikati yake walisimama wafanyakazi weusi na weupe, kama wale wa ukutani kwa susu. Tofauti ni kwamba hapa waliosimama mbele walikuwa wabeba mizigo wenyewe.

Picha hiyo ilitoka Lubumbashi, jiji la shaba kusini mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Aliyeitengeneza anaitwa Sammy Baloji.

Walivyorudi kazini

Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978. Alianza na kuchora vibonzo kabla ya kushika kamera. Kati ya mwaka 2004 na 2006 alitengeneza mfululizo wa picha alioupa jina la Kifaransa, Mémoire, yaani Kumbukumbu.

Alichofanya ni rahisi kueleza. Alienda kwenye migodi na viwanda vya Gécamines, kampuni ya serikali ya madini ambayo wakati huo ilikuwa taabani, akapiga picha za rangi. Mabanda yasiyo na paa. Mitambo iliyokauka. Mashimo makubwa yaliyojaa maji. Milima ya mabaki ya madini ambayo hakuna kinachoota juu yake.

Kisha akachukua picha za kale kutoka hifadhi ya kampuni, zilizopigwa enzi za ukoloni wa Ubelgiji. Akawakata watu waliokuwemo: wafanyakazi Waafrika kwa upande mmoja, na mabwana wa Kizungu waliovaa suti nyeupe na kofia za jua kwa upande mwingine. Kwa kutumia kompyuta akawasimamisha katikati ya magofu ya leo.

Watu hawana rangi, mahali pana rangi. Jicho lako linagoma kuwaunganisha. Wanakutazama moja kwa moja, kama watu waliofika kazini asubuhi wakakuta lango wazi, mashine zimebebwa, na hakuna aliyebaki kuwaeleza kilichotokea.

Kipindi hicho hicho Baloji alitengeneza pia video ambamo mchezaji dansi Faustin Linyekula anacheza ndani ya magofu hayo. Mwili mmoja tu, kwenye jumba lililojengwa kwa maelfu ya miili.

Dunia iliziona picha hizo haraka. Mwaka 2007 zilimpatia Baloji tuzo mbili kwenye maonyesho makubwa ya upigaji picha ya Afrika yanayofanyika Bamako, Mali. Mwaka 2010 jumba la makumbusho la sanaa za Afrika mjini New York likamwandalia maonyesho yaliyoitwa The Beautiful Time, yaani Wakati Mzuri, ambayo baadaye yalipelekwa Washington. Ukilisoma jina hilo haraka utadhani ni sifa. Ukizitazama picha zenyewe utaona ni swali: wakati mzuri, kwa nani?

Kampuni iliyokuwa baba na mama

Ili uelewe uzito wa swali hilo, lazima ujue jiji lenyewe lilivyozaliwa.

Lubumbashi halikuwa soko wala bandari iliyokua polepole. Lilianzishwa na Wabelgiji mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, kwa sababu moja tu: shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imeundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika 1910, na mwaka uliofuata tanuru la kuyeyusha shaba likawashwa. Bomba lake refu la kutolea moshi na mlima mweusi wa mabaki kando yake ndiyo alama ya jiji hadi leo. Mji mwingine unajivunia mnara au msikiti wa kale. Lubumbashi ina bomba la moshi.

Mwanzoni kampuni ilichukua vijana wa kiume kwa mikataba mifupi, wengine kutoka mbali kama Rhodesia Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Kazi ilikuwa ya mateso, na vifo vilikuwa vingi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mabosi wakabadilisha mbinu. Waliona ni nafuu kumtunza mfanyakazi mmoja kwa miaka mingi kuliko kutafuta mpya kila mwaka. Wakaanza kuruhusu wake na watoto. Wakajenga nyumba, shule na hospitali, na wakatoa posho ya chakula.

Ndipo watu wakaanza kusema kwamba kampuni ni baba, kampuni ni mama. Ilikulisha, ilikutibu, ilimsomesha mtoto wako, na mtoto huyo akikua ilimwajiri. Lakini baba huyo alikuwa na fimbo. Desemba 1941 wafanyakazi waligoma wakidai nyongeza ya mshahara, na wanajeshi wakawafyatulia risasi. Makumi waliuawa.

Jina la jiji lilibadilishwa kuwa Lubumbashi mwaka 1966, na kuanzia Januari 1, 1967 serikali ya Mobutu ikaichukua kampuni. Hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa ikizalisha takriban tani 470,000 za shaba kwa mwaka na kuajiri zaidi ya watu 30,000.

Kisha ikaporomoka. Pesa zilikuwa zimefyonzwa na watawala kwa miaka mingi bila mitambo kukarabatiwa. Septemba 1990 sehemu kubwa ya mgodi wa Kamoto, huko Kolwezi, ilibomoka. Mwaka 1992 na 1993 siasa za ukabila zikawafukuza Katanga maelfu ya watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wafanyakazi waliozaliwa hapo hapo. Kufikia 1994 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi takriban tani 30,000.

Mwaka 2003, chini ya mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliokuwa wamekaa miezi mingi bila mshahara waliondoka kazini kwa malipo ya mara moja. Maisha yote ya kazi, bahasha moja.

Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliandika kitabu kuhusu familia hizo na kuziita Bana Shaba, watoto wa shaba walioachwa na baba yao. Hapa Kenya ukisikia “bana” unajua mtu anasema “bwana”. Katika Kiswahili cha Katanga ni “wana”. Wana wa shaba. Baloji alianza kupiga picha zake mwaka mmoja tu baada ya bahasha zile.

Nzi hamsini

Ungetarajia msanii kutoka jiji kama hilo alie tu: tazameni, tulikuwa na kazi, sasa hatuna. Wazee wengi wa Lubumbashi wanaikumbuka enzi ya kampuni kwa hamu, na huwezi kuwalaumu. Mtu aliyelala na njaa ana haki ya kukumbuka posho.

Lakini Baloji hakuishia kwenye kilio hicho, na ndiyo sababu kazi yake inanikaa kichwani. Mwaka 2013 alitengeneza kazi nyingine kuhusu mpango wa jiji lenyewe. Wakoloni waliligawa jiji mara mbili, Wazungu huku na Waafrika kule, na katikati wakaacha ukanda mtupu wenye upana wa takriban mita 500. Sababu waliyoitoa ilikuwa ya kiafya: eti huo ndio umbali ambao mbu wa malaria hawezi kuuruka. Ubaguzi ukavikwa koti la daktari.

Baloji aliupiga ukanda huo picha kutoka angani, akazipanga picha hizo pamoja na picha za masanduku ya wadudu waliokaushwa ya makumbusho ya Lubumbashi. Kando yake akaweka picha moja ya kale, ya mwaka 1929, inayoonyesha rundo la nzi waliokufa. Wakati huo mfanyakazi alitakiwa kuleta nzi 50 kabla ya kupewa posho yake ya chakula.

Fikiria hilo kidogo. Umeshinda kutwa kwenye tanuru, jasho limekukauka mgongoni, na kabla ya kula unapanga foleni ukiwa na nzi mkononi, unahesabiwa. Arobaini na tisa hawatoshi.

Posho ilikuwa ya kweli, na nzi walikuwa wa kweli. Shule ilikuwa ya kweli, na risasi za 1941 pia. Picha za Baloji zinakataa uchague nusu moja ya hadithi na kuitupa nyingine. Kiwanda kilipofungwa watu waliumia, ndiyo. Lakini kilipokuwa wazi, kuna walioumia pia, na hao hawakuwa wakiwekwa mbele kwenye picha rasmi.

Niliposoma habari ya nzi nilimkumbuka susu na gunia lake, akiambiwa asogee kando.

Neno ni letu

Kitu kingine kilichonigusa ni lugha. Mwaka 2008 Baloji na wenzake, akiwemo mwandishi Patrick Mudekereza, walianzisha jukwaa la sanaa jijini mwao. Hawakulipa jina la Kifaransa. Waliliita Picha. Ndiyo, picha hii hii yetu. Kutokana nalo yakazaliwa maonyesho makubwa ya sanaa ya Lubumbashi ambayo hufanyika kila baada ya miaka kadhaa na kuwaleta wasanii kutoka pembe zote za dunia. Yale ya mwaka 2022 yalichezea maneno “sumu” na “jiji” ya Kifaransa, kwa sababu huwezi kuzungumza kuhusu Lubumbashi bila kuzungumza kuhusu hewa na maji yake. Mudekereza naye anaongoza kituo cha sanaa kinachoitwa Waza. Hilo pia halihitaji mkalimani.

Na hawakuanza wao. Miaka ya 1970, kijana mmoja wa huko, Tshibumba Kanda Matulu, alikuwa akichora historia ya nchi yake na kuuza michoro hiyo kwa bei ya chini kwa watu wa kawaida waliotaka kitu cha kutundika sebuleni. Kati ya 1973 na 1974 alichora zaidi ya michoro 100 na kumsimulia kwa Kiswahili msomi Johannes Fabian maana ya kila mmoja. Fabian aliyachapisha mazungumzo hayo katika kitabu mwaka 1996. Tshibumba mwenyewe alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hakuonekana tena.

Yaani jiji hilo lina mazoea ya kujisimulia lenyewe, kwa Kiswahili, kwenye kuta za sebule kabla ya kuta za makumbusho. Na tangu 2022 nchi hiyo iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwenye karatasi, Lubumbashi na Kathiani sasa ni majirani.

Lakini nani anaziona?

Tusijidanganye. Sehemu kubwa ya kazi za Baloji hutundikwa Ulaya na Marekani. Yeye mwenyewe anaishi kati ya Lubumbashi na Brussels, mji mkuu wa nchi iliyoitawala yake. Mtu anaweza kuuliza: mjukuu wa mchimba madini amefaidika vipi, ikiwa babu yake anatazamwa na matajiri walioshika glasi za mvinyo?

Ni swali la haki, na sidhani kama lina jibu safi. Ninachoweza kusema ni kwamba kuanzisha Picha nyumbani ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine ni kwamba kule Brussels na New York ndiko ilikoishia shaba. Huenda ni vyema picha ya aliyeichimba imfuate.

Na kabla hujasema hayo ni mambo ya Wakongo, angalia mkononi mwako. Betri ya simu nyingi unazoziona mtaani ina kobalti, na takriban asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Congo, zaidi kutoka ukanda huo huo wa Katanga. Baloji amepiga picha Kolwezi pia, kwenye makazi ya wachimbaji wadogo, ambako mahema yamepambwa kwa mabango yaliyotengenezwa China yenye majumba ya kifahari, maua na maporomoko ya maji. Ameyaweka mabango hayo kando ya picha za ardhi iliyochimbuliwa nje ya mahema. Ndoto iko ndani, shimo liko nje.

Shaba yenyewe imerudi kwa kishindo. Mwaka 2023 Congo ilizalisha zaidi ya tani milioni 2, mara nne na zaidi ya kilele cha Gécamines. Lakini wenye migodi sasa ni kampuni nyingi za kigeni, na kazi nyingi ni za mikataba mifupi. Utajiri umerudi. Baba na mama hawajarudi.

Na sisi je?

Kathiani si Lubumbashi. Hatuna bomba la moshi linaloonekana kutoka kila mtaa. Tuna milima ya Iveti, mashamba ya ngazi ngazi, na hospitali yenye foleni. Lakini neno “kiwanda” lina uzito hapa pia.

Kwa miaka mingi serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika wengi kupanda kahawa, ili walowezi wabaki na soko. Ruhusa ilipopanuka miaka ya 1950, miteremko hii ilijaa mikahawa. Wazee bado wanakumbuka 1976 na 1977, baada ya baridi kuunguza mashamba ya Brazil na bei kupaa. Mabati yaliezekwa, watoto wakapelekwa bweni. Halafu Julai 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukilinda bei kwa kugawa mgao kwa kila nchi ukavunjika. Kenya iliyokuwa ikizalisha takriban tani 130,000 mwishoni mwa miaka ya 1980 imeshuka hadi chini ya tani 60,000 kwa mwaka. Kwa wengi hapa, kilichofuata kilikuwa malipo ya kuchelewa, madeni, kisha shoka. Ulipokuwa mkahawa pakawa na mahindi, au ploti.

Waliokosa kahawa walishuka Athi River. Mjomba wangu ni mmoja wao. Alifanya kazi kiwandani huko miaka kumi na minane, na kitambulisho chake cha kazi bado anakiweka kwenye pochi, ingawa hakifungui lango lolote. Athi River ina viwanda vingi hadi leo, lakini kila familia ya huku inajua habari za malango kufungwa. Kiwanda cha nyama cha KMC kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kufunguliwa tena 2006. Kampuni ya saruji ya ARM iliwekwa chini ya wasimamizi Agosti 2018, na mali zake za humu nchini zikauzwa.

Mjomba akianza kusimulia enzi zake kiwandani, ni mishahara ya tarehe ishirini na nane, timu ya kandanda, krismasi za mchele. Ukimpa chai ya pili, ndipo anapotaja vumbi. Na wenzake waliokuwa wakikohoa. Nimegundua kwamba hadithi ya kweli huja na kikombe cha pili.

Sanaa nayo si ngeni katika kaunti hii. Wamunyu, upande ule wa Mwala, inajulikana kote kwa vinyago. Inasimuliwa kwamba ufundi huo ulishika kasi baada ya Mutisya wa Munge kurudi kutoka Tanganyika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, akiwa amejifunza kwa wachongaji wa kule. Maelfu ya familia zimelishwa na patasi. Na Nairobi, kituo cha GoDown kilifunguliwa 2003 ndani ya bohari kuukuu la eneo la viwandani. Mahali pa vyuma pakageuka mahali pa ngoma na michoro.

Kwa hivyo nikisema tunaweza kufanya kitu na viwanda vyetu vilivyolala, siongei ndoto. Simu uliyonayo ina kamera bora kuliko nyingi zilizokuwepo Baloji alipoanza. Programu za kukata na kubandika picha ni za bure. Kinachokosekana ni kile alichokuwa nacho yeye na sisi hatuna: picha za zamani, na subira ya kuuliza.

Picha za zamani zipo. Ziko chini ya vitanda, kwenye masanduku ya bati, ndani ya Biblia. Nyingine ziko kwenye Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka, Moi Avenue, Nairobi, ambako watu hupita wakielekea stegi bila kujua kuna nini ndani. Zinaoza au zinatupwa kila mzee anapozikwa na nyumba kufagiliwa. Ukiipata moja, ipige picha kwanza, hata kwa simu. Geuza nyuma usome maandishi. Andika nani, wapi, mwaka gani. Omba ruhusa kabla ya kuiweka mtandaoni, maana huyo ni mzazi wa mtu.

Kisha uliza swali ambalo Baloji alinifundisha kuuliza: nani hayumo?

Sidai kwamba hilo litafungua kiwanda. Halitalipa karo, wala kumrudishia mjomba lango lake. Gen Z wa Kathiani wanahitaji kazi kabla ya maonyesho, najua, nami ni mmoja wao na ninasota kama wengine. Lakini tukiendelea kurekodi video kwenye magofu bila kujua ni ya nani, siku moja atakuja mtu kutuambia kwamba hapa hapakuwa na kitu, na tutamwamini. Ardhi isiyo na kumbukumbu hugawanywa haraka.

Kumi na saba

Mwezi uliopita nilijaribu. Nilikipiga picha kile kiwanda cha kahawa asubuhi na mapema, kabla wanangu wa TikTok hawajafika. Halafu nikampiga susu akiwa ameketi nje ya jikoni, nikaibadilisha iwe nyeusi na nyeupe, nikamkata, nikamsimamisha mbele ya lile jengo, pale pale waliposimama wale wanaume kumi na mmoja. Kazi yenyewe ni ya mwanagenzi. Miguu yake haigusi ardhi vizuri.

Nikampelekea simu. Aliishika mbali na macho, kama wanavyofanya wazee, akaitazama kwa muda mrefu. Nilitarajia acheke au alie.

“Mbona niko peke yangu?” akauliza.

Sikuwa na jibu. Akaweka simu mapajani, akaanza kutaja majina. Huyu aliolewa upande wa Mitaboni. Huyu alikuwa na mguu mbovu lakini hakuna aliyemshinda kuchuma. Huyu alifia Mombasa. Huyu bado yuko hai, ila haoni. Nilikimbia ndani kutafuta kalamu.

Hadi sasa tumefika wanawake kumi na saba. Watatu nimepata picha zao. Kwa waliobaki ninazunguka nyumba kwa nyumba, na kila ninapofika naletewa chai. Siku hizi nasubiri kikombe cha pili.